Katuni za Televisheni na Malezi ya Watoto Wadogo

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya wazazi wa Ngujini, Upare)



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), tunapenda kusema machache juu ya jambo ambalo akina mama wa hapa wametuuliza mara nyingi. Nalo ni vipindi vya katuni vinavyotazamwa na watoto wetu wadogo kabisa, wale ambao hata meno yao hayajatimia.

Swali hilo hutujia kwa sura mbili. Wengine huuliza: “Je, katuni hizi ni haramu?” Wengine, tena kwa sauti ya chini, huuliza: “Mtoto wangu hali wala halali mpaka awekewe katuni. Nifanye nini?” Swali la kwanza ndilo linalopendwa barazani. Hilo la pili ndilo linalosumbua nyumbani. Insha'Allah tutayagusa yote mawili, ila tutakaa zaidi kwenye hilo la pili.

JINSI JAMBO HILI LILIVYOTUFIKIA

Zanzibar ilianza matangazo ya televisheni mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilikaa bila kituo chake mpaka mwaka 1994. Huku milimani kwetu, kwa miaka mingi baada ya hapo, televisheni ilikuwa jambo la mjini Mwanga au Same, au la nyumba moja yenye jenereta. Watu walikusanyika hapo kutazama mpira na taarifa ya habari, kisha kila mtu akarudi kwake. Mtoto mchanga hakuwa na nafasi katika mkusanyiko huo. Alikuwa mgongoni mwa mama yake, amelala.

Kisha ukaja umeme wa vijijini, baada ya Wakala wa Nishati Vijijini kuundwa kwa sheria ya mwaka 2005. Vikaja ving'amuzi, tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Mwisho ikaja simu yenye kioo kikubwa, nayo imebadili mambo kuliko vyote vilivyotangulia. Televisheni ilikaa ukumbini, ikaonwa na wote. Simu inaingia chini ya shuka. Katuni huingizwa dukani kwenye memori kadi, zikatazamwa bila king'amuzi wala bando, na asiwepo mtu mzima anayejua mtoto ametazama nini tangu asubuhi.

HOFU HIZI SI ZETU PEKE YETU

Yafaa ifahamike kwamba hofu ya wazazi juu ya vipindi vya watoto wadogo haikuanzia kwetu. Mwaka 1997 shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilianza kuonyesha kipindi kiitwacho Teletubbies, kilichotengenezwa kwa ajili ya watoto wanaojifunza kutembea na kusema. Wahusika wake wanne walisema kama watoto wachanga wasemavyo, na wapo wazazi waliolalamika kwamba kitachelewesha usemi wa watoto wao. Mwaka 1999 mhubiri mmoja wa Kikristo wa Marekani, Jerry Falwell, kupitia gazeti lake, alidai kuwa mmoja wa wahusika hao ni alama ya mapenzi ya jinsia moja. Mwaka 2007 afisa wa serikali ya Poland aliyeshughulikia haki za watoto alisema angetaka wataalamu wa saikolojia wakichunguze kipindi hicho, kisha akaliacha jambo hilo.

Kwa Waislamu nako, mwaka 2001 nchi ya Saudia ilipiga marufuku michezo na kadi za Pokémon. Na kwa jirani zetu wa Kenya, mwezi Juni mwaka 2017, bodi ya kuainisha filamu ilizuia katuni sita, zikiwemo The Loud House, Steven Universe na Adventure Time, kwa kusema kuwa zinaeneza mapenzi ya jinsia moja.

Hatusemi kwamba kuangalia yaliyomo ndani ya kipindi ni kazi bure. Mzazi ana haki, tena ana wajibu, wa kujua mwanawe anafundishwa nini. Lakini tutazame mambo mawili. La kwanza, amri ya serikali hukifikia kituo cha televisheni. Haiifikii memori kadi iliyomo katika simu ya mjomba. La pili, katika mabishano hayo yote watu wazima walishughulika sana kutafuta alama zilizofichika, jambo ambalo mtoto wa miaka miwili hawezi hata kulielewa, wakasahau kuuliza lile lililo wazi mbele ya macho yao: mtoto huyu amekaa hapa saa ngapi, na aliye karibu naye ni nani?

TUNAKIRI KOSA LETU

Ndugu zetu wapenzi, hatukusimama hapa kama watu waliosalimika. Yafaa tuanze na nyumba yetu wenyewe.

Mwaka mmoja, siku za Ramadhani, mjukuu wetu wa miaka mitatu aliletwa kutoka Dar es Salaam akae nasi. Mama yetu mzazi, ambaye kwa mtoto huyo ni bibi mkuu, alikuwa hai wakati huo, na umri wake ulikuwa umepita miaka themanini. Alimngoja mtoto huyo kwa hamu. Alipofikishwa alimwita “mume wangu,” kama mabibi waitavyo wajukuu wao, akamnyooshea mikono. Mtoto hakuinua uso. Alikuwa ameshika simu, anatazama katuni za nyimbo, na midomo yake ikifuatisha maneno ya Kiingereza ambayo hakuna aliyemfundisha maana yake.

Siku ya tatu, adhana ya Magharibi ilipokaribia, tulimnyang'anya simu ile kwa nguvu ili tuende kufuturu. Alilia mpaka akatapika. Alimuuma mkono aliyembeba. Tulikasirika, tukaanza kulaumu katuni, tukailaumu Ulaya, tukalaumu wazazi wa siku hizi wa mjini. Mama yetu alitusikiliza mpaka tukamaliza, kisha akasema: “Mwanangu, mtoto huyu hana kosa. Lakini leo tangu Alasiri nani aliyempa kitu hicho?”

Tukanyamaza. Tuliyempa ni sisi. Tulimpa ili atulie, tupate nafasi ya kuandaa darsa la usiku. Na darsa lenyewe lilihusu malezi ya watoto.

Tangu kesho yake mama alimchukua yeye mwenyewe. Aliketi naye uani, wakapukuchua mahindi, wakawapa mbuzi majani. Siku mbili za kwanza zilikuwa ngumu. Mtoto alidai simu, akalia, akasusa chakula. Bibi hakumpiga wala hakumpa. Usiku alimsimulia habari za sungura na fisi, zilezile alizotusimulia sisi. Siku ya tano mtoto alilala mapajani pake kabla hadithi haijafika mwisho. Alipoondoka kurudi Dar es Salaam, alimshika bibi yake shingoni, hakutaka kumwachia.

Kabla Ramadhani nyingine haijafika, mama yetu alifariki dunia. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Siku zile chache za uani ndizo pekee mtoto yule alizopata pamoja na bibi yake. Kama tungeendelea kumpa simu ili atunyamazie, asingezipata hata hizo. Jambo hili hutujia mara nyingi, na ndilo lililotufanya tukubali kusema mbele yenu leo.

WATAALAMU WAMEONA NINI

Baadhi ya wazazi hujifariji kwa kusema: “Lakini katuni zinamfundisha.” Neno hili lina ukweli, na lina mipaka yake.

Ukweli wake tunao hapa hapa Tanzania. Shirika la Ubongo lilianzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, na kuanzia Januari 2014 kipindi chake cha Ubongo Kids kilionekana kupitia TBC. Baadaye likatengeneza kipindi cha watoto wadogo zaidi, Akili and Me, ambacho mhusika wake mkuu ni msichana wa miaka minne, Akili, anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro, mlima ambao sisi watu wa Upare tunauona kwa macho yetu mbingu zikitakata. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia watoto zaidi ya 500 wa Morogoro. Wale waliotazama kipindi hicho waliwapita wenzao waliotazama vipindi vingine katika kuchora, kutambua maumbo, kutambua namba na kuhesabu. Basi si haki kusema kwamba kila katuni ni sumu. Ipo iliyotengenezwa na watu wenye nia njema, kwa lugha yetu, na ikaleta faida.

Lakini watoto hao wa Morogoro walikuwa wa umri wa shule ya awali. Walio chini ya hapo habari yao ni nyingine. Huko Marekani ziliuzwa kanda nyingi za video za Baby Einstein kwa wazazi waliotaraji kwamba zingewaongezea watoto wao wachanga akili. Mwaka 2009 kampuni ya Disney, iliyokuwa ikizimiliki, ilijitolea kuwarudishia fedha wazazi walionunua. Mwaka uliofuata, 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwapima watoto wa kati ya miezi 12 na 18. Waliotazama video ya kufundisha maneno kwa muda wa mwezi mmoja hawakujua maneno zaidi ya wale ambao hawakuitazama kabisa. Waliojifunza zaidi ya wote ni wale ambao wazazi wao waliambiwa wawafundishe maneno hayo wenyewe, katika shughuli za kila siku, bila video yoyote.

Chuo hicho hicho, mwaka 2011, kilitoa matokeo ya watoto 60 wenye umri wa miaka minne. Baadhi walitazama kwa dakika tisa tu katuni yenye picha za kukimbia kasi. Mara baada ya hapo walipimwa, wakaonekana wameshindwa kutulia na kufuata maagizo kuliko wenzao waliokuwa wakichora. Na mwezi Aprili 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa; na mwenye miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.

MAFUNDISHO YA DINI YETU

Mambo haya hayamshangazi Mwislamu. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila mtoto huzaliwa katika maumbile safi, kisha wazazi wake ndio wanaompeleka huku au kule. Ametufundisha pia kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji na ataulizwa juu ya alichokichunga. Qur'ani Tukufu katika Sura At-Tahrim, aya ya 6, inawaamrisha waaminio wajiokoe nafsi zao na watu wa nyumbani mwao. Amri hiyo imeelekezwa kwa wenye nyumba. Haikuelekezwa kwa mwenye kituo cha televisheni.

Hata hivyo asije mtu akadhani kuwa dini yetu inachukia michezo ya watoto. Sala yenyewe mtoto huanza kuamrishwa akiwa na miaka saba. Kabla ya hapo ni umri wa kucheza na kupendwa. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere wa kuchezea, na Mtume (s.a.w.) hakumkataza. Mdogo wake Anas (r.a.), Abu Umair, alikuwa na kindege, kilipokufa, Mtume (s.a.w.) alimwendea akamliwaza kwa habari za kindege chake. Mjukuu wake Umama alimbeba hata ndani ya sala, akimweka chini wakati wa kusujudu na kumwinua wakati wa kusimama. Na Aqra bin Habis aliposema kwamba ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja, Mtume (s.a.w.) hakumsifu kwa ukali wake, bali alimwonya kuwa asiyehurumia hahurumiwi.

Tutazame jambo lililo sawa katika habari hizo zote. Mtu mzima mwenye kazi nyingi kuliko sisi sote, aliyebeba umma mzima, alikuwapo. Aliinama mpaka usawa wa mtoto akasema naye.

Basi kwa wanaouliza kama katuni ni haramu, tunajibu hivi. Ile yenye uchafu, kufuru, au mafunzo ya kudharau wazazi, haina ruhusa nyumbani mwa Mwislamu. Ile iliyo safi na yenye mafunzo, hatuna hoja ya kuiharamisha. Bali ikizidi, ikachukua nafasi ya mama, baba, bibi, usingizi na mchezo wa uani, basi imedhuru, hata kama kila neno lililomo ni jema.

Sisi wana wa Upare tuna mfano wetu. Wazee wetu walituachia ndiva, mabwawa ya kukusanyia maji ya vijito. Maji hukusanywa usiku, na asubuhi mlango hufunguliwa, kila shamba likapata kwa zamu. Maji ya ndiva ni neema. Lakini hakuna mzee aliyepata kuufungua mlango wa ndiva mbele ya kitalu cha miche iliyochomoza jana, kisha akaenda zake sokoni. Miche yote ingekwenda na maji. Anayeshika mlango lazima awepo, na ajue shamba lililo mbele yake ni la namna gani.

AKINA MAMA WASITWISHWE PEKE YAO

Sasa tunarudi kwenye swali la pili, na hapa tunasema na akina baba hasa.

Mama mmoja alituambia maneno ambayo hatukuweza kuyajibu siku ile. Alisema: “Mume wangu yuko Dar es Salaam. Naamka kabla ya Alfajiri. Nina maji ya kuteka, kuni, shamba, na mama mkwe mgonjwa. Nikimpa mtoto simu, napata saa moja ya kupika bila yeye kuingia motoni. Nyinyi mnaniambia simu ni mbaya. Je, nani atamshika?”

Ndugu zetu, mama huyu hana makosa. Zamani mtoto wa Upare alikuwa na walezi wengi: shangazi, bibi, dada wakubwa, jirani. Leo dada yuko shuleni, shangazi yuko mjini, jirani ana king'amuzi chake, na baba, hata akiwa kijijini, baada ya Isha bado yuko barazani. Simu imeingia katika nafasi iliyoachwa wazi. Tukimwambia mama aiondoe bila sisi wenyewe kuijaza nafasi hiyo, tunamtwisha mzigo ambao hatuugusi hata kwa kidole.

Hapa kwetu tunao msaragambo. Mfereji ukiharibika, barabara ikikatika, ngoma hulia na kila nyumba hutoa mtu. Tunauliza: kwa nini tusifanye hivyo kwa ajili ya watoto wetu? Kwa hiyo tunapendekeza mambo haya:

Kwanza, mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili asipewe simu wala asiwekwe mbele ya televisheni ili anyamaze. Akilia, ana haja. Atafutwe ana haja gani.

Pili, aliyezidi umri huo, kama atatazama, atazame kipindi kilichochaguliwa na mzazi, kwa muda unaojulikana, na mtu mzima akae karibu amwulize: huyu ni nani, anafanya nini, wewe ungefanyaje? Kipindi cha Kiswahili ambacho bibi naye anakielewa ni bora kuliko cha lugha ambayo nyumba nzima haiifahamu.

Tatu, wakati wa kula, wakati wa sala ya Magharibi mpaka Isha, na wakati wa kulala, vioo vyote vizimwe, vya watoto na vya wakubwa pia. Mtoto humwiga baba yake. Baba akitazama simu huku anaongea na mwanawe, amekwisha kumfundisha.

Nne, mtu asimdanganye mtoto kwa ahadi ya katuni kisha asitimize. Mama mmoja wa zama za Mtume (s.a.w.) alimwita mwanawe kwa kumwahidi kumpa kitu, na Mtume (s.a.w.) akamwuliza alikusudia kumpa nini. Alijibu: tende. Akaambiwa kwamba kama asingempa, angeandikiwa uongo.

Tano, jamaa wa msikiti, kila mtaa, wapange zamu. Wazee wetu wanaokaa uani peke yao mchana kutwa, na watoto wanaokaa na simu peke yao mchana kutwa, wamo katika kijiji kimoja. Wakutanishwe. Na kila baba aliyepo atoe nusu saa baada ya Magharibi, amkalishe mwanawe pajani, amsimulie habari za Manabii na hadithi za babu zetu. Na yule aliye mbali mjini, akipiga simu asiulize habari za shamba peke yake; aombe kusema na mtoto.

Mama yule aliyetuuliza hatukumjibu siku ile. Leo tunamjibu mbele yenu: atamshika baba yake akirudi, atamshika bibi, na tutamshika sisi jirani zake. Wiki hii nyumba yetu itaanza, kwa kuwapokea watoto wawili wa mtaa wetu kila asubuhi mama zao wanapokwenda shambani. Wenye nafasi na waje tupange baada ya kikao hiki.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie wake zetu, waume zetu na vizazi vyetu wawe kiburudisho cha macho yetu, awarehemu wazazi wetu waliotulea tukiwa wadogo, na asituache tukaja kuulizwa juu ya watoto tusiowajua. Amin.

Wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.